Wanane wana sifa sawa, watatu wapunguzwe: tunachagua vipi kwa haki?

Daftari_la_Zamu

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaolijua suala la kupunguza wafanyakazi.

Kitengo kina watu wanane wenye cheo kimoja na kazi ileile: kupokea maombi ya wateja, kuyahakiki na kuyaingiza kwenye mfumo. Kazi ya kuingiza sasa inafanywa na programu, na uongozi umeamua nafasi tatu zifutwe. Shida ni kwamba wote wanane ni wazuri. Elimu ni ileile, hakuna mwenye barua ya onyo, na tathmini za mwaka jana zinaanzia 3.8 hadi 4.1 kati ya 5. Mmoja yuko likizo ya uzazi, mmoja ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, wawili waliingia mwaka jana.

Njia zilizoletwa mezani ni tatu: wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, wenye tathmini ya chini watoke, au tupige kura ya bahati. Nimeambiwa pia nipeleke majina matatu kimyakimya kabla ya kutangaza lolote. Ipi ni ya haki, na hatua zinafuatana vipi? Hizi ni riziki za watu, kwa hiyo naomba maelezo ya kina.

---

Msuluhishi

Mkuu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo litakaloharibu mengine yote. Usipeleke majina. Majina yakitangulia, vigezo vitashonwa viwakae hao watatu, na shauri likifika mbele, kitu cha kwanza kuangaliwa ni tarehe: orodha iliandikwa lini, vigezo vilikubaliwa lini. Uongozi upelekee idadi ya nafasi, sababu ya kuzifuta na ratiba. Majina yatatoka mwishoni, baada ya hesabu.

Kisha hakikisha kinachofutwa ni nafasi, si mtu. Orodhesha kazi zote za kitengo na saa ambazo kila moja inakula kwa wiki, leo na baada ya programu kuanza. Watu wanane kwa saa 40 ni saa 320. Kama kuingiza kulikuwa kunakula saa 120, nafasi tatu zina maelezo. Kama kulikuwa kunakula saa 90, hizo ni nafasi mbili na robo, na mtu wa tatu anaondolewa bila sababu. Weka pia saa za kukagua na kusahihisha makosa ya programu. Hizo huachwa nje ya hesabu, halafu wanaobaki ndio wanaozibeba.

Njia mbadala zipitie zote kabla ya mchujo, na uandike hata zilizokataliwa na kwa nini. Pendekezo Na. 166 la Shirika la Kazi Duniani (ILO) la mwaka 1982 linazitaja: kusimamisha ajira mpya, kupunguza saa za ziada, kuhamishia watu vitengo vingine, kuwafundisha kazi nyingine, kustaafu mapema kwa hiari, kupunguza saa za kawaida za kazi. Hiyo ya saa ipigie hesabu kabla hujaikataa. Wanane wakishuka kutoka saa 40 hadi 35, umepata saa 40, yaani nafasi moja nzima. Kwa nafasi mbili wangeshuka hadi 30, kwa tatu hadi 25, na hapo mshahara hautoshi tena kuishi. Kwa hiyo njia hii inaweza kuokoa mtu mmoja, si watatu, na inahitaji ridhaa ya maandishi ya kila mmoja kwa kuwa mshahara unapungua.

Fungua pia dirisha la wanaotaka kuondoka kwa hiari, tuseme siku 10 za kazi. Masharti mawili yaandikwe tangu mwanzo: mwajiri ana haki ya kukataa ombi kwa sababu inayohusu kazi, na kifurushi kinachotolewa kinajulikana kwa kila mtu. Bila sharti la kwanza unaweza kupoteza yule pekee anayejua sehemu ngumu ya uhakiki. Bila la pili, watu watapatana bei mmoja mmoja na chuki itaanzia hapo.

Sasa kundi la mchujo. Wewe unaona wanane, lakini jiulize kama kuna mtu kitengo cha jirani anayefanya kazi hiyohiyo kwa cheo kingine. Kipimo ni kubadilishana: kama A anaweza kushika kazi ya B baada ya maelekezo ya wiki mbili au tatu, wote wawili wamo. Makundi huchorwa vibaya kwa njia mbili. Yanafinywa hadi yule anayelengwa abaki peke yake, au yanaacha nje watu wa karibu na mkuu.

Baada ya hapo ni mashauriano, nayo yafanyike wakati uamuzi bado unaweza kubadilika. Mkataba Na. 158 wa ILO, nao wa 1982, unataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe mapema sababu za kupunguza, idadi na aina za watu watakaoguswa na muda wa kutekeleza, na wapate nafasi ya kushauriana juu ya namna ya kuepusha au kupunguza madhara. Siku za notisi na taarifa kwa mamlaka ya kazi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo fungua sheria ya kwako kabla ya kupanga tarehe yoyote.

---

Mizani_Sawa

Msuluhishi kaweka msingi vizuri. Nije kwenye vipimo, maana hapo ndipo watu hudanganywa na namba.

Tofauti ya 3.8 na 4.1 kwenye tathmini ya mwaka si tofauti ya watu. Kama wanane hawa walipimwa na wasimamizi wawili, msimamizi mmoja tu kuwa mkali kunatosha kuizaa. Zaidi ya hapo, tathmini ile iliandikwa ili kumwendeleza mtu au kumpandisha mshahara. Haikuulizwa nani anafaa zaidi kwa kazi itakayobaki. Na ina upungufu unaojulikana: msimamizi hukumbuka zaidi miezi miwili ya mwisho, na mtu mchangamfu hupata alama nzuri hata kwenye mambo asiyoyafanya vizuri. Ichukulie kama ushahidi mmoja kati ya kadhaa, na uchukue ya miaka miwili au mitatu, si moja.

Tengeneza vigezo vinne au vitano, visizidi. Kila kimoja kijibu swali hili: kinahusu nini katika kazi itakayobaki? Kwenu itabaki kupokea na kuhakiki, kwa hiyo kasi ya kuingiza taarifa isipewe alama hata kama huko nyuma ndiyo iliyosifiwa. "Mtazamo", "moyo wa timu" na "kuendana na utamaduni wetu" viondoe kabisa. Hivyo ni vyumba ambamo upendeleo hujificha. Mahudhurio yakiwekwa, toa kwanza siku zote za likizo ya uzazi, ugonjwa wenye cheti, ajali ya kazini na shughuli halali za chama.

Kila alama iwe na maelezo. Mfano kwa uhakiki: 5 ni anayehakiki aina zote za maombi bila kusimamiwa na kuwafundisha wengine, 3 ni anayehakiki aina za kawaida peke yake na kupeleka mbele zile ngumu, 1 ni anayehitaji kukaguliwa kila ombi. Wapimaji wawe wawili, kila mmoja ajaze fomu yake bila kuona ya mwenzake. Wakitofautiana kwa alama mbili au zaidi wakae na ushahidi mezani: sampuli za kazi, rekodi za makosa, barua. Wastani wa haraka haufai hapo, kwa sababu tofauti kubwa kwa kawaida ina maana mmoja wao hana taarifa.

Sasa uzito. Chukua vigezo vinne: ujuzi wa kazi inayobaki 40, utendaji 30, muda wa utumishi 20, kumbukumbu za nidhamu 10. Alama ni 1 hadi 5. Unagawa kwa 5 kisha unazidisha kwa uzito. Angalia watu watatu:

A: ujuzi 4, utendaji 4, utumishi 3, nidhamu 5. Anapata 32 + 24 + 12 + 10 = 78.
B: 4, 3, 5, 5. Anapata 32 + 18 + 20 + 10 = 80.
C: 5, 3, 2, 5. Anapata 40 + 18 + 8 + 10 = 76.

C ndiye wa mwisho. Lakini hamisha uzito wa 10 tu kutoka utumishi kwenda ujuzi, yaani 50, 30, 10, 10. A anapata 80, B 78, C 82. Wa mwisho amekuwa wa kwanza na wa kwanza amekuwa wa mwisho, na hakuna aliyebadilisha hata chembe ya kazi yake. Ukiona hivyo, ujue hao watatu ni sare na jedwali halina uwezo wa kuwatenganisha. Kudai kuwa pointi mbili zimeamua ni kuwadanganya.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, andikeni mambo mawili na myasaini: uzito wa kila kigezo, na upana wa sare. Mfano: yeyote aliye ndani ya pointi 4 juu au chini ya mstari wa kukatia anahesabiwa sawa na mwenzake. Walio chini ya ukanda huo wanatoka, walio juu wanabaki, na walio ndani wanaamuliwa kwa kigezo cha sare kilichotangazwa mapema. Upana huo ukiamuliwa baada ya alama kuonekana, kazi yote imeharibika.

---

Utumishi_Kwanza

Mizani, nakubaliana na hesabu ila si na mahali ulipouweka utumishi. Watu wakiwa sawa kweli, muda wa kazini ndio kigezo pekee ambacho mkuu hawezi kukichezea: tarehe ya kuajiriwa iko kwenye barua. Kila mmoja anaweza kujihakikishia mwenyewe bila kumwamini yeyote. Aliyekaa miaka 15 pia kajifunga zaidi na mwajiri huyu na kwa kawaida ana kazi kubwa zaidi ya kupata ajira nyingine. Kwa hiyo wa mwisho kuingia atoke kwanza, ila kitumike ndani ya sare tu. Kikitumika peke yake kwa kundi zima kinafuta ujuzi wote, na kama mwajiri alianza kuajiri wanawake au watu wenye ulemavu miaka ya karibuni, kitawaondoa haohao.

Kuhusu mahitaji ya kifamilia, watu wengi wana huruma ya kuuliza nani ana watoto. Ujerumani sheria yenyewe inataka mwajiri azingatie mambo manne anapochagua: muda wa utumishi, umri, wanaomtegemea mfanyakazi na ulemavu mkubwa. Pale kuna rekodi rasmi na mahakama zenye uzoefu wa kuyapima. Pasipo na mfumo huo, usijaribu. Utajikuta unauliza mume wa fulani anapata kiasi gani, na Mkataba Na. 158 unasema wazi hali ya ndoa na majukumu ya familia si sababu halali ya kumwondoa mtu. Anayeuguza mzazi bila kumwambia mtu yeyote atapoteza kwa yule anayezungumzia watoto wake kila siku.

Kura ya bahati mimi naiweka ya mwisho kabisa.

---

Mizani_Sawa

@Utumishi_Kwanza, hapo nakuelewa, ingawa kuna jambo moja la kuangalia. Ukishaupa utumishi uzito wa 20 kwenye jedwali kisha ukautumia tena kwenye sare, umeuhesabu mara mbili. Chagua pamoja: uwe kwenye jedwali au uwe kigezo cha sare. Mimi ningeutoa kwenye jedwali, 20 zile zikagawiwa ujuzi na utendaji, na uamue sare.

Na kura ya bahati isidharauliwe. Wawili walioingia siku moja, wenye alama sawa, hakuna tena sababu ya kweli ya kumpendelea mmoja. Kutunga sababu ni udhalimu kuliko kura. Masharti yake: itangazwe kwenye utaratibu kabla ya alama, vikaratasi viwe vya ukubwa na mkunjo mmoja, mwakilishi wa wafanyakazi ahesabu na kuchanganya, achomoe mtu asiye na maslahi, wahusika waalikwe kushuhudia, ifanyike mara moja tu na wote wasaini. Kura inayorudiwa kwa sababu "kuna kosa dogo" haina thamani tena.

---

Daftari_la_Zamu

Nawashukuru sana wakuu. Nina maswali yaliyobaki. Yule wa likizo ya uzazi tunampimaje? Mwakilishi wa chama je? Na bosi ananong'ona kwamba "tukipata nafasi" tumwondoe mmoja ambaye anabishana sana vikaoni.

---

Msuluhishi

Aliye likizo ya uzazi anabaki kwenye kundi la mchujo, lakini likizo isimgharimu hata pointi moja. Mpime kwa kipindi cha urefu uleule, kikiishia siku aliyoanza likizo. Kama wengine wanapimwa kwa miezi 24, chukua miezi 24 yake kabla ya kuondoka. Taarifa zote za mashauriano zimfikie nyumbani siku ileile wenzake wanapopewa, na mkutano wake upangwe kwa saa anayoweza. Mkataba Na. 183 wa ILO wa mwaka 2000 unampa mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na ujauzito, uzazi wala kunyonyesha, na baadhi ya sheria za nchi zinakataza kabisa kumpunguza katika kipindi hicho. Hilo lisome kabla ya kitu kingine chochote.

Mwakilishi wa chama: Pendekezo Na. 143 la ILO la 1971 linataja kumpa kipaumbele cha kubaki kazini idadi ya wafanyakazi inapopunguzwa. Angalia kama sheria yenu au mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama unalo hilo. Kama unalo, liandikwe kwenye vigezo wazi ili wenzake wasione limechomekwa. Kama haulo, apimwe kama wengine, na wapimaji wake wasiwe watu aliowahi kubishana nao kwa niaba ya wanachama.

Huyo mbishi muache. Kama ana kosa kuna utaratibu wa nidhamu, wenye onyo na haki ya kujitetea. Kama hana, kubisha kikaoni si kosa. Ukimpitishia mlango wa upunguzaji umeharibu haki ya wote watatu, kwa sababu jedwali likishathibitika kuwa na mkono ndani yake, halimwaminishi mtu hata kwa wale wawili wengine. Mwambie bosi hivyo, na maneno yake ya "tukipata nafasi" yasiwe sehemu ya upimaji; ikibidi yeye asiwe mpimaji.

---

Mizani_Sawa

Kabla ya majina kusainiwa, geuza jedwali uliangalie kwa makundi: wanawake na wanaume, rika, wenye ulemavu. Marekani wana kipimo cha nne kwa tano, kutoka miongozo ya serikali yao ya mwaka 1978, na kinasaidia kama taa ya tahadhari popote: kiwango cha kubaki cha kundi moja kisiwe chini ya nne kwa tano (0.8) ya kile cha kundi lililobaki zaidi. Chukua mfano wa kundi kubwa kuliko lenu: wanawake 20 wamebaki 12, ni asilimia 60. Wanaume 20 wamebaki 18, asilimia 90. 60 kwa 90 ni 0.67, chini ya 0.8, kwa hiyo rudi ukague vigezo. Kwa watu wanane kipimo hiki kinayumba mno, mtu mmoja tu anakigeuza, lakini swali lilelile uliulize kwa macho.

Ukikuta tatizo usibadilishane majina. Tafuta kigezo kinachosababisha, pengine "uwezo wa kukaa zamu za usiku" wakati zamu hizo zinaisha, kirekebishe kwa wote na upime upya wote.

---

Faili_Kamili

Naongeza yanayofuata baada ya alama, maana uteuzi mzuri huharibiwa na namna ya kuambiwa.

Kila anayeguswa aitwe peke yake, aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi. Dakika 20 zinatosha. Aonyeshwe vigezo, uzito, alama zake mwenyewe na ushahidi uliotumika, na aambiwe mstari wa kukatia ulikuwa pointi ngapi. Alama za wenzake zioneshwe bila majina. Huu bado ni uteuzi wa awali. Mpe siku 5 hadi 7 za kazi apinge kwa maandishi. Rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakupima wala hakuidhinisha, na awe na mamlaka ya kubadilisha alama. Rufaa ikishinda, jedwali lote hupangwa upya, na aliye juu ya mstari anaweza kushuka, kwa hiyo usimwambie yeyote "wewe umepona" kabla rufaa hazijaisha.

Barua ya mwisho iwe na sababu ya kufutwa nafasi, tarehe ya mwisho ya kazi, notisi au malipo badala yake, siku za likizo ambazo hajazitumia, hesabu ya kiinua mgongo hatua kwa hatua, cheti cha utumishi na jina la mtu wa kumuuliza. Isitaje utendaji. Ukiandika "kutokana na alama zako za chini" umegeuza kupunguzwa kuwa kufukuzwa, na karatasi hiyo ataitembeza kwa kila mwajiri. Aruhusiwe muda wa kutafuta kazi ndani ya notisi.

Weka pia orodha ya kurudishwa. Pendekezo Na. 166 linataka waliopunguzwa wapewe kipaumbele mwajiri anapoajiri tena wenye sifa zinazofanana, kwa muda maalumu, mradi wameonyesha kuwa wanataka kurudi. Andikeni muda huo kwenye barua, mfano miezi 12, na mchukue anwani ya kudumu. Kosa linaloonekana mara nyingi ni cheo kilekile kutangazwa miezi mitatu baadaye kwa jina jipya. Hapo hata mchujo uliofanywa kwa uaminifu unaonekana ulikuwa hila.

---

Daftari_la_Zamu

Nimeelewa. La mwisho: mmoja aliacha kazi akarudi baada ya miezi minane, mwingine alianza kwa mkataba wa muda mwaka mzima kabla ya kuajiriwa rasmi. Utumishi wao unaanzia wapi?

---

Utumishi_Kwanza

Mkuu, soma kwanza mkataba wa pamoja na sheria, huenda vimejibu. Kama vimenyamaza: mwaka wa mkataba wa muda uhesabiwe, kwa kuwa kazi ilikuwa ileile kwa mwajiri yuleyule bila kukatika. Aliyeacha kwa hiari yake akarudi ahesabiwe kuanzia aliporudi. Angekuwa alipunguzwa kisha akarudishwa, ningehesabu vipindi vyote viwili na kutoa ile miezi minane tu, maana hakuchagua kuondoka. Kanuni hiyo iandikwe leo na tarehe za wote wanane zibandikwe, kila mtu asaini kuwa yake ni sahihi, kabla fomu ya kwanza ya alama haijafunguliwa.